Uso wa Juu Kabisa Kwenye Poshete

Nilimweka dada yangu mawinguni kwa amri yangu mwenyewe. Naanza na ujinga huo kwa sababu mtaani wameshaanza nao bila kuningoja. Sikumweka kwa sala wala kwa misa. Nilimweka kwa kompyuta ya studio moja ya picha karibu na soko la Tshopo, nimesimama nyuma ya kiti cha fundi, mikono kiunoni, namwelekeza kama mtu aliyeisomea kazi hiyo. Sijaisomea. Nina diploma ya sekondari na kiti cha plastiki barazani, na kati ya hivyo viwili ni kiti kinachonifaa zaidi.

Poshete, ndivyo tunavyoita hapa kwetu ile karatasi ya rangi inayoingia kwenye kasha la DVD. Nyumbani tunazo nyingi, karibu zote za michezo ya televisheni ya watoto: yatima, mama wa kambo, mtoto aliyepotea sokoni, mtoto aliyeiba mkate na kumbe hakuiba. Mpwa wangu wa kike ndiye mwenye mali. Mimi, mjomba wake, ambaye ananiita tonton, ni mlinzi tu, maana siku zote niko nyumbani, kama kabati.

Kusoma poshete kulianza kwa sababu ya umeme. Bwawa liko hapo karibu, maji yake tunayasikia, lakini umeme wenyewe unakuja kwetu kama mgeni asiyependa kukaa. Ukikatika katikati ya mchezo, mtoto analia. Basi siku moja, ili nisisikie kilio, nikachukua kasha nikamwambia tusome filamu kwenye karatasi, kisha umeme ukirudi tuone nani alisema kweli. Tangu siku hiyo ikawa kazi yetu. Mimi sina kazi nyingine, kwa hiyo niliifanya kwa bidii.

Tulijua mengi. Uso mkubwa katikati ni wa yule atakayelia kuliko wote. Mwanamke mwenye wigi na midomo myekundu ni mama wa kambo, na akiwekwa upande wa kushoto atatubu mwishoni. Nyumba ile ya nguzo nyeupe nyuma yao haimo kabisa kwenye filamu. Watu wote wanaishi kwenye chumba kimoja chenye pazia. Gari jekundu linapita mara moja, tena ni la jirani wa mwigizaji. Na machozi, tuliyachunguza karibu karibu mpaka pua zikagusa plastiki. Chozi la shavu la kulia na la shavu la kushoto ni lilelile, fundi amelichukua akaligeuza. Nilimwambia mtoto huyo fundi ni mvivu kama mimi, akacheka.

Sheria ya mawingu aliigundua yeye. Alipanga makasha mkekani, akanionyesha kwa kidole uso wa juu kabisa, ule uliofifia kidogo, wenye moshi mweupe shingoni.

“Tonton, huyu atakufa.”

Nikamuuliza amejuaje. Akasema yote yako hivyo, mwenye mawingu akienda harudi tena. Tukaangalia moja moja, na kweli. Nilimsifu. Nilimwambia ana macho kuliko mimi, nikamwita profesa.

Mama yake, ambaye ndiye dada yangu mdogo, alikuwa hapo siku ile, ametoka Ubundu kwa treni na vikapu vyake vya samaki wa moshi, nyumba nzima inanukia. Alikuwa anafungua kilemba na kutucheka sisi wawili, mzee na mtoto, tunaosomea makaratasi kama watu wa mitihani. Akasema: “Siku mutafanya ya kwangu, muniweke mu ile motokari nyekundu.” Kisha akaenda kuoga. Alikuwa mtu wa kusema jambo na kwenda zake.

Safari iliyofuata homa ilimkamata huko huko Ubundu. Habari ilipotufikia walikuwa wameshamzika. Mama yangu, ambaye mtoto anamwita koko, alikwenda peke yake, akarudi na kikapu kitupu na vitenge vya marehemu vimekunjwa ndani. Mtoto alikimbilia kikapu. Koko akamwambia mama yako bado anangojea samaki, safari hii mto hautoi.

Tulikubaliana hivyo watu wazima wote. Mtoto amalize mwaka wa shule kwanza, kisha likizo ikifika tumpeleke Ubundu, aambiwe akiwa mbele ya kaburi, na koko amshike mkono. Jirani wetu, mama mmoja wa Maniema anayekaanga mikate mbele ya uzio wetu, alikubali pia kunyamaza, ingawa alisema jambo hilo halitakaa. Mimi nilipewa kazi ya kumshughulisha mtoto. Hapo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kukaa nyumbani kukawa na faida kwa ukoo. Koko hakulia. Alitwanga. Sombe, yale majani ya mihogo, mihogo yenyewe, chochote kilichoingia kwenye kinu kilitwangwa mpaka kikaomba msamaha.

Sasa kuna diski moja isiyokuwa na poshete. Ni ya mchezo wa shule, uliopigwa video kabla ya safari ile ya mwisho. Mpwa wangu alikuwa mbuzi, mwenye pembe za karatasi, na neno lake lilikuwa moja tu: kwamba hakula mahindi ya mtu. Alitaka mbuzi naye awe na poshete kama wengine. Na mama yake lazima awemo, alisema, kwa sababu mama pia ameigiza. Ni kweli anaonekana. Mstari wa pili, kitenge na kilemba vya njano, anapiga makofi kabla ya wakati, mtu wa mbele yake anageuka kumtazama.

Nilifurahi. Sikuwa nimepata njia ya kumfanyia dada yangu lolote. Kaburi lenyewe sijaliona, mimi na safari hatupatani. Nikachukua picha mbili, ya mtoto na ya mama yake, nikaenda studio. Nikamwambia fundi mbuzi awe katikati, mkubwa, lakini asimwekee machozi. Akaweka. Nikamwambia huyu mwenye kilemba cha njano awe juu kabisa, mahali pa heshima.

Fundi akauliza: “Huyu wa juu, tumuwekee mawingu?”

“Weka,” nikamjibu. “Tena weka mingi.”

Ndivyo nilivyosema. Moshi mweupe ukaja ukamzunguka mpaka kwenye kilemba, nikaona amependeza, nikaona machozi yanataka kunitoka mbele ya mtu wa studio, nikalaumu vumbi. Moyo wangu ulijua alipo dada yangu, ukampeleka huko moja kwa moja. Kichwa kilikuwa kimebaki barazani.

Nilimpa mtoto mchana, akitoka shule, bado ana begi mgongoni. Alicheka alipoona pembe zake. Kisha macho yakapanda juu. Alipitisha kidole kwenye mawingu, taratibu, kama anayefuta. Mimi ndipo nilipoona. Naapa, ndipo nilipoona.

“Mama iko mu mawingu,” akasema.

Nikamwambia ni mapambo tu. Nikamwambia fundi amekosea, fundi ni mvivu, anakumbuka yule wa machozi? Nilizungumza sana. Hakucheka.

“Tonton, wewe njo ulisema niko na macho.”

Akaweka begi chini, akashika kasha kwa mikono miwili, akazunguka nyuma ya nyumba ambako koko alikuwa anatwanga. Sikumfuata. Nilibaki nasikiliza mchi. Ulipiga, ukapiga, kisha ukanyamaza. Sikujua mpaka siku ile kwamba nyumba yetu ikinyamaza inakuwa kubwa namna ile. Halafu nikasikia sauti ya mama yangu ikitoka, ile aliyokuwa amefungia tangu Ubundu. Mtoto sikumsikia. Wanawake wa mtaa walikuja mmoja mmoja, wakatandika mikeka, kana kwamba msiba ulikuwa umetokea mchana ule. Na kwa yule mtoto ulikuwa umetokea mchana ule.

Mimi sikuwa na mahali. Wanaume walikuwa kazini, mikeka ilikuwa ya wanawake. Kasha nililikuta limewekwa juu ya kinu kilichofunikwa. Nikalichukua, nikatoa poshete. Nikatafuta lile kasha lenye gari jekundu, lile la mtoto aliyepotea sokoni, nikaketi kwenye kiti changu na mkasi wa kushonea wa koko. Nilitaka kumtoa mawinguni nimbandike kwenye gari, pale dirishani, kama alivyotaka. Niliona bado naweza kurekebisha. Nilianza pembeni, kwa uangalifu. Lakini mawingu yalikuwa yameshika kilemba, na kilemba kilikuwa kimeshika paji la uso, kila nilipogeuza mkasi ulikuwa unaelekea kwake.

Mama wa Maniema alipita akielekea kisimani na ndoo ya kuwachotea maji waliofika. Akasimama. Aliangalia karatasi, akaangalia mkasi. Nilitegemea aniite mujinga, kama kawaida yake, ningefurahi. Aliweka ndoo chini kwanza.

“Tonton, weka ile mukasi chini. Mutoto alishasoma. Sasa unakata nini, mawingu ama dada yako?”