Tajiri Aliyeleta Sanda

Mwaka wa tisini na nne, kabla hajaanza kuendesha lori la mafuta ghafi la tajiri mpya, Kingi alikwenda mtaa wa Bondeni kumuuliza Mejumaa, mjane wa dereva aliyemtangulia.

"Tajiri huyu ni mwema, mamangu?"

"Mwema mno," alijibu Mejumaa. "Sanda na ubani alileta mwenyewe, akalia kutushinda. Lakini marehemu aliomba breki miezi mitatu. Hizo hakuleta."

Kingi akarudi Makupa, ofisini kwa tajiri, akamwekea mezani ufunguo wa lori aliokuwa amekabidhiwa.

"Una watoto wangapi, Kingi?" tajiri akauliza kwa upole.

"Wanne, bwana."

"Na kazi nyingine unayo?"

"Sina."

"Basi chukua ufunguo, mwanangu."

Kingi aliutazama, akauacha pale pale mezani. Kisha akashika njia ya nyumbani kwa miguu, mikono mitupu, asijue atamwambia nini mkewe.