Jirani Yangu Alisema Ndiyo

Tulihamia Kitengela kutafuta kimya. Aliyekitamani zaidi ni mume wangu. Tangu tuoane tulikuwa tukikodi nyumba Nairobi, ghorofa ambayo mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta unajua ni nani. Yeye alikuwa karani, mimi mwalimu wa shule ya msingi, na sote tumetoka magharibi, kwenye migomba na mvua. Siku aliponipeleka kuona ploti, katikati ya miaka ya tisini, niliona nyasi kavu, miiba, na pundamilia wakitutazama kwa mbali.

"Majirani wako wapi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Mama watoto, si hiyo ndiyo raha yenyewe?"

Tulinunua kwa mzee mmoja Mmaasai aliyeuza kipande hicho ili kijana wake aende sekondari. Tukajenga polepole, chumba baada ya chumba, tukahamia kabla madirisha hayajawekwa vioo.

Kimya kilinishinda. Shule zikifungwa, mume wangu anaondoka alfajiri, watoto wanapelekwa kwa nyanya yao, mimi nabaki na upepo ukipiga mabati kutwa nzima. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, hata chai ilikuwa haina ladha ya chai. Kuna mchana nilikaa jikoni nikalia, na nikaendelea kulia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusikia.

Mke wa yule mzee ndiye aliyenitoa humo. Alikuja hadi kwenye ua na mbuzi zake, akasimama, akanisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Nikamkodolea macho.

"Useme iko," akanifundisha. "Mimi nikisema takwenya, wewe unasema iko. Halafu tunakuwa watu."

Tukawa watu. Alikuwa akiniletea maziwa kwenye kibuyu, nami nikimchumia sukuma wiki bustanini. Nilimwita yeyo, yaani mama, na hakuona ajabu. Siku moja nilimwambia sukuma yangu inashika vizuri pembe moja tu ya shamba. Akaitazama hiyo pembe.

"Hapo ilikuwa zizi ya ndama zangu," akasema, kisha akaniuliza kama niko na chumvi.

Ukaja ukame ule wa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ng'ombe wao walianguka mmoja mmoja, harufu ikatufikia hata tukifunga madirisha. Mzee hakukaa sana baada ya ng'ombe. Tulipomzika, yule kijana aliyesomeshwa kwa ploti yetu akawa ndiye mwenye kauli, na magari ya madalali yakaanza kuegeshwa nje ya boma lao.

Asubuhi moja yeyo akaja bila mbuzi. "Kesho niko na safari ya Kajiado," akasema. "Kijana anataka kuuza yote iliyobaki. Watu wa bodi ya ardhi wanataka kusikia kama mimi nakubali. Twende na wewe."

"Mimi nitafanya nini huko?"

"Wewe ni mwalimu. Ukikaa karibu na mimi, mdomo yangu haitaogopa."

Nikaomba ruhusa shuleni, tukaenda. Alikuwa amevaa shanga zake zote za sherehe. Kwenye benchi la nje, tukisubiri kuitwa, alininong'oneza alichopanga: "Nitasema hapana. Nitasema waniachie hapo kwa nyumba yangu na mahali ya mbuzi. Hiyo ingine wauze." Aliyarudia maneno hayo kama mtoto anayekariri aya ya Biblia.

Ndani, afisa aliyemhoji alikuwa mtu wa heshima. Alimpa kiti. "Mama, umeelewa kilichotuleta? Unakubali shamba hili liuzwe? Hakuna mtu anayekulazimisha."

Kijana alikuwa amesimama kando ya mlango akitazama viatu vyake. Yeyo alimwangalia kwa muda mrefu.

"Ndiyo," akasema.

Nikamshika shuka. "Yeyo, sema ile uliniambia."

"Mama, wewe ni wa familia?" afisa akaniuliza.

Nikasema hapana. Akamwuliza yeyo tena, naye akajibu ndiyo, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi nje.

Nikamfuata uani. "Mbona, yeyo?"

"Nikisema hapana, narudi nyumbani na nani? Huyo ndiye kijana yangu. Ndiye atanizika." Akafunga shuka yake vizuri. "Hata siku ya kuwauzia nyinyi nilisema ndiyo. Nilikuja hapa hapa."

Tukapanda matatu, tukarudi.

Mbuzi waliuzwa, boma likavunjwa, na kijana akampangishia mama yake chumba kimoja Noonkopir, hapo mjini Kitengela, kwenye ploti ya vyumba vilivyotazamana, na choo cha wote nyuma. Kwa muda alipita mjini na pikapu mpya. Baadaye pikapu haikuonekana, kisha na yeye hakuonekana. Wengine walisema yuko Namanga, wengine walisema amevuka mpaka.

Jumamosi nilikuwa nikimpelekea yeyo sukuma na unga. Nilimkuta kila mara kwenye kigoda mlangoni, akitazama ukuta wa mwenzake. Mikono yake haikujua la kufanya.

"Hapa watu ni wengi," aliniambia, "lakini hakuna mtu."

Nilimwomba aje akae kwetu. Mume wangu alikubali, tukamtengea chumba cha watoto wa kike. Alikuja, akalala siku mbili. Siku ya tatu alisimama kwenye pembe ile ya sukuma hadi jua likapanda, kisha akaniomba nimrudishe Noonkopir.

Alifariki msimu wa mvua ndefu. Tulituma habari Namanga kwa kila aliyekuwa akienda, kijana hakuja. Mahali pa kumzika hapakuwepo. Aliyenunua shamba alisema kazi ya ujenzi imefika mbali, na kweli malori ya mawe yalikuwa yakiingia. Mwishowe kaka yake yeyo, mzee asiyeona vizuri, akatoa nafasi kwake, mbele ya Isinya. Tulikuwa watu wachache. Udongo mweusi ulishika viatu, jeneza likateleza, tukalikamata. Mhubiri alisoma haraka kwa sababu mvua ilikuwa inarudi.

Nilifika nyumbani nikiwa na njaa. Kwenye lile shamba lililouzwa, ghorofa ya kukodisha ilikuwa imefika juu ya paa letu, umbali wa ua tu, mbele ya dirisha la jikoni, na mafundi walikuwa wakiitana kwa kelele. Mume wangu alikuwa amefunga madirisha yote na kukaa sebuleni na redio iliyozimwa. Hakuniuliza mazishi yalikuwaje. Nikaingia jikoni, nikawasha taa ili nione sufuria. Ilikuwa saa nane mchana.