Jozi ya Nane

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipojifunza poka, na tangu siku hiyo karata nyingine zote nikaziona za watoto. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wilaya, Ngara, nikiwa nimetoka kwetu Nyabusozi kupitia chuo cha uhazili. Kazi ilikwisha saa nane na nusu mchana. Wenzangu wa kike walikwenda kufua na kupika. Mimi nilikwenda chumba cha masjala kumngoja bwana mifugo.

Bwana mifugo ndiye aliyetuletea mchezo huo. Alikuwa amesomea Ulaya miaka minne, na alisema huko alijifunza mambo mawili: magonjwa ya ng'ombe na poka. Tulicheza wanne: yeye, karani wa masjala, dereva wa lori la wilaya na mimi. Kila mtu hupewa karata tano, anatupa asizozitaka na kupewa nyingine, kisha anaweka dau. Dau letu lilikuwa maharage. Mkuu wetu wa ofisi alikuwa ametuonya mapema: "Siku nikisikia shilingi imelia juu ya meza hiyo, mtanitambua."

Kilichonishika ni kwamba katika poka unaweza kuwa na karata mbovu na bado ukashinda, mradi wenzako waamini unazo nzuri, wakunje zao na kujitoa. Karani wa masjala alizitazama karata zake. Mimi nilimtazama karani wa masjala. Baada ya miezi mitatu hivi, maharage yalikuwa yanalala kwangu karibu kila siku, na dereva, Msukuma mwenye umri wa baba yangu, akawa ananiita mchawi.

Kisha vita vikaja. Bidhaa zilianza kuadimika madukani, sabuni, chumvi, betri, na karata zetu zilizokwisha kulainika kama kitambaa zikachanika moja baada ya nyingine. Nyingine hazikupatikana popote, si Ngara, si Biharamulo. Nikaenda kwa mkuu wa ofisi, nikamwomba majalada ya zamani yaliyokuwa yanangoja kuchomwa moto.

"Ya nini?" akauliza.

"Nataka kutengeneza karata, mzee."

Nilidhani atanifukuza. "Chukua," akasema. "Lakini usiharibu mashine yangu."

Nilipima kwa rula, nikayapitisha makaratasi yale magumu kwenye taipureta polepole. Utepe wetu ulikuwa wa rangi mbili, kwa hiyo kopa na uru nilizipiga kwa wekundu, shupaza na pau kwa weusi. Nikazikata kwa mkasi, zote kipimo kimoja. Tisa ya pau niliirudia mara nne kwa sababu rola iliikwaruza mgongoni, na karata yenye alama mgongoni ni karata ya wezi. Nilipomaliza zilikuwa hamsini na mbili, hakuna kosa hata moja la herufi. Bwana mifugo alizichanganya, akazipeperusha kwa kidole gumba, akasema, "Binti, hizi zinateleza kuliko za dukani." Nilijisikia kama nimefaulu mtihani wa taifa.

Wakati huo vijiji vilikuwa vinachanga chakula kwa ajili ya askari. Mimi na dereva tulitumwa kupeleka mchango Biharamulo, mimi nikiwa na kazi ya kuandika idadi ya magunia na kuchukua sahihi. Tulipitia Runazi kuongeza mahindi. Tulipofika Biharamulo tukaambiwa tusubiri, lori la kupokea mzigo halijafika. Tulisubiri siku mbili.

Siku ya pili asubuhi nikaona askari watano wamekaa kwenye kivuli cha lori lao, wanacheza. Nilisogea. Ilikuwa poka. Dau lao lilikuwa punje za mahindi, na rundo kubwa lilikuwa mbele ya luteni mmoja kijana, mwenye maneno mengi na sigara mdomoni.

"Afande, naomba na mimi nikae," nikasema.

Wakacheka. "Dada, hii ni poka, si karata za kulana za watoto," mmoja akaniambia.

"Naujua."

Dereva alinivuta pembeni. "Wewe binti, hao ni wanajeshi. Hizo kalata zako za ofisini zitakuaibisha."

Nilikaa. Luteni alinihesabia punje ishirini kwa upole wa mtu anayempa mgeni maji. Mizunguko ya kwanza sikuhangaika na kushinda. Nilikunja karata zangu, nikamtazama. Alikuwa mzuri kwelikweli. Uso wake haukusema kitu, mikono haikutetemeka. Lakini baada ya saa nzima nikaona: akiwa na karata nzuri alivuta sigara yake taratibu. Akiwa na mbovu aliweka mpya mdomoni na kuisahau bila kuiwasha.

Nikaanza kucheza. Kufikia adhuhuri tulibaki wawili, na askari wengine walikuwa wamekuja kusimama nyuma yetu. Mkononi nilikuwa na jozi ya nane, yaani nane mbili, na takataka tatu. Nikabadilisha zile tatu, nikapata takataka nyingine. Luteni akasukuma punje zake zote katikati.

"Kunja tu, dada," akasema. "Hapa hakuna aibu. Umecheza vizuri."

Jozi ya nane si kitu, humshinda tu asiye na jozi kabisa. Nikamtazama mdomoni. Sigara ilikuwa nzima, haijaguswa na moto.

"Nakufuata, afande," nikasema, nikasukuma zangu.

Alilaza karata zake. Ree moja, na karata nyingine nne zisizohusiana. Nikaweka nane zangu mbili. Kelele zilizopigwa pale ziliwatoa wapishi jikoni.

Luteni hakukasirika. "Umenionaje?" akauliza.

"Sigara, afande. Ukidanganya huiwashi."

Akaitoa mdomoni, akaitazama, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasimama wima akanipigia saluti, mimi mpiga chapa niliyevaa kandambili.

Nikatoa mkobani karata zangu za ofisini, nikawaonyesha. Zilipita mkono kwa mkono. Hawakuamini zimetoka kwenye taipureta. Kikosi kizima kilikuwa na seti moja tu, ile tuliyoichezea, na kesho yake walikuwa wanaondoka kwenda mbele. Nikawaachia. Hakuna aliyeniomba.

Dereva alisimulia habari ile kila tuliposimama, na kila aliposimulia askari waliongezeka. Nilimwacha.

Wiki iliyofuata, nesi mmoja wa hospitali alinifuata ofisini akiwa na mwalimu wa shule ya msingi. Sikuwafahamu.

"Wewe ndiye uliyemshinda luteni?" nesi akauliza.

"Ni mimi."

"Basi tufundishe," akasema, akavuta kiti. "Tumekuja na maharage yetu."

Niliweka kifuniko juu ya taipureta, nikatoa seti mpya niliyokuwa nimekwisha kuipiga, nikaanza kuwaeleza jozi ni nini.