Ng'ombe wa Mama Kabula na Chupa Tatu za Maji

Niliondoka Kanazi Jumatano alfajiri kwa sababu ya ng'ombe wa watu. Watoto wa kitongoji kimoja cha Nyamahanga, wilayani Biharamulo, walikuwa wakiharisha, na kamati ya maji ilikwishampata mkosaji: Mama Kabula, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, ambaye boma lake liko mlimani juu ya chemchemi. Kikao cha Ijumaa kingeamua ahame. Mimi ni mpima maji. Nikaombwa nilete ushahidi.

Benaco nilisubiri gari katikati ya malori ya mpakani, kisanduku cha chupa nimekipakata kama kichanga. Konda alitaka kukitupa kwenye buti. Nikamwambia heri anitupe mimi.

Saa tisa alasiri nilikuwa chemchemini. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Petro, alinipokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pima upesi. Ng'ombe za huyu mama zinatumaliza."

Mama Kabula alisimama pembeni, mikono kifuani. "Nilishahama mara moja," aliniambia. "Sina nguvu ya kuhama tena. Pima, ila pima kwa haki."

Nilimwonea huruma, lakini chupa hazina huruma. Nilinawa kwa sabuni, nikakinga maji kwenye jicho la chemchemi bila kugusa mdomo wa chupa. Nikajaza nyingine kutoka dumu la Mzee Petro, na ya tatu kutoka dumu la Mama Kabula. Kipimo chenyewe hakina makuu: ndani ya chupa mna dawa, na maji yenye vijidudu vya kinyesi hugeuka meusi. Yanataka joto na subira tu. Nikazifunga chupa kwenye sweta langu, na Alhamisi nzima nikala ugali wa muhogo.

Ijumaa asubuhi nilifungua sweta mbele ya kikao. Maji ya chemchemi yalikuwa maangavu. Ya madumu yote mawili yalikuwa meusi, na ya Mzee Petro yalikoza kama masizi ya chungu.

"Umezichanganya!" akafoka.

"Basi twende wote tukaone."

Chemchemini tulimkuta mke wa Mzee Petro akikinga maji. Alichomoa gunzi lililoziba dumu, akaliweka chini kwenye tope. Kuku akalidonoa, mbuzi akalikanyaga. Dumu lilipojaa, mama wa watu akalipangusa gunzi kwenye kanga, akazibia. Foleni nzima ilikuwa na magunzi. Mifuniko ilipotea zamani.

Mama Kabula alicheka mpaka akakaa chini. "Basi tuyahamishe magunzi!"

Mzee Petro alichelewa kucheka, lakini alicheka, akamwomba radhi mbele ya watu. Nami niliwaonya kwamba mvua zikianza lazima tupime tena, na boma lichimbiwe mtaro. Kwa siku ile, ng'ombe walishinda kesi.

Jumamosi jioni nilirudi Kanazi na maziwa ya Mama Kabula. Mama mkwe aliposikia habari ya magunzi akasikitika sana. "Watu gani hao!" akasema, akainuka kunipa maji ya kunywa. Akachomoa ndizi mbichi iliyoziba dumu letu, akaiweka sakafuni.

Tukatazamana. Nimepima maji ya wilaya mbili, na dumu ninalonywea sikuwahi kuligusa kwa chupa.

"Haya, pima na hili," akasema mama mkwe, "ila majibu usiyapeleke Nyamahanga."