Hot yoga chini ya mabati hapa mtaani Tena: ilivyonifanyia mgongo na kichwa

Wakuu, salamu kwenu mlio online, na kwenu mnaosoma kimya kimya bila kulike.

Hii stori sikuambiwa na mtu. Imenipitia mwilini. Mahali utaona nimeongeza chumvi, nipunguzie bei.

Nauza viatu vya mtumba soko la Gikomba, Nairobi, upande ule unaoelekea Majengo. Kazi yangu inataka vitu viwili: mdomo wa kuuza na mgongo wa kubeba bale, yale marobota ya viatu, kutoka kwa lori hadi kibandani. Mdomo haujawahi kunisumbua.

Mgongo ulinikataa mwaka juzi. Asubuhi moja niliinama kufungua bale, nikabaki hapo hapo nimeinama kama mtu anayetafuta sarafu. Daktari akaangalia picha, akasema disc ya uti wa mgongo imesogea, nisibebe kitu kizito. Nikamuuliza, kizito kuanzia kilo ngapi? Akadhani natania.

Sikuwa natania. Ukimlipa mtu akubebee kila bale, faida inaondoka naye. Kwa hivyo hesabu ilikuwa fupi: ama mgongo urudi, ama kibanda kiende. Nilipiga hiyo hesabu mara mbili, jibu likakataa kubadilika.

Aliyeleta habari ya yoga ni mke wangu, Mama Kioko. Kulikuwa na Coach Nekesa, dada aliyekuwa akifundisha kwa gym moja ya mabwanyenye hadi wakapunguza wafanyakazi. Akarudi huku kwetu mtaa wa Tena, Eastlands, akakodi chumba cha juu kabisa kwa plot ya jirani, jengo la wapangaji. Jumapili chumba ni kanisa. Katikati ya wiki ni cha Nekesa.

Chumba hakina siling. Ni mabati tu. Saa nane mchana jua likipiga, mle ndani unaweza kuoka mkate. Wenzetu wa upande ule mwingine wa mji wanawashiwa heater. Sisi tuliwashiwa na Mungu.

Nilimwambia Nekesa joto ni la bure, sasa yeye ananiuzia nini?

"Baba Kioko, joto ni la bure," akasema. "Mimi nakuuzia kule kuvumilia."

Tukaelewana bei. Yake ilishuka, yangu ikapanda, hakuna aliyefurahi. Hiyo ndiyo bei nzuri.

Kwa wale hawajui, hot yoga ni kunyoosha viungo na kushikilia mkao mmoja ndani ya chumba cha joto. Na kabla mtu aulize kama ni mambo ya kishetani: tulifungua kila class na maombi. Aliyeomba ni Rispa, mama mmoja wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben anayesimama shift nzima ya asubuhi kwa kiwanda cha sabuni. Maombi ya Rispa yalikuwa marefu kuliko mazoezi.

Sasa mwili.

Siku ya kwanza moyo ulinipigia masikioni. Jasho likaingia machoni, mikono ikateleza, nikaona nyota mchana. Nilikuwa nimekunywa bia moja mbili jana yake. Kosa hilo sikulirudia.

Baada ya wiki chache mgongo ulianza kulegea. Joto linalainisha nyama, na hapo kuna mtego: unajiona mpira, unajivuta kupita kiasi, na maumivu unayapata kesho ukiwa baridi. Nenda nusu ya pale unapofikiri unaweza.

Kuhusu kupunguza uzito, msidanganywe. Nilijipima kwa chemist kabla na baada. Kilo ilitoka kweli. Nikanywa maji, ikarudi nayo.

Usingizi ndio ulinishangaza. Nililala kama mtu asiye na landlord.

Sasa kichwa.

Coach alikuwa na msemo mmoja. Ukianza kuangalia mlango, anakuambia: "Mwili unalia tu. Uache ulie, wewe pumua." Unapumua. Unagundua ile sauti ya toka, toka, inapita.

Hiyo nikaipeleka sokoni. Mteja akitaja bei ya matusi, zamani ningemjibu. Sasa nilikuwa napumua kwa pua, namtazama. Nyamaza kidogo tu, mtu anaanza kujibargainia mwenyewe. Nilifunga mauzo hivyo hadi jirani yangu wa kibanda akaniuliza kama nimeokoka.

Mgongo ukarudi, wateja wakaongezeka. Nikabeba bale ndogo peke yangu. Nikaona kibanda kimepona.

Halafu ikaja baridi ya Julai.

Mnaijua. Jua halionekani, mabati yanakuwa friji. Watu wakaanza kunung'unika kwamba tunalipia hot tunapata cold. Ndipo likaja wazo la jiko. Nani alilitoa, mpaka leo kila mtu anamtaja mwenzake.

Majiko mawili. Makaa yanawashiwa chini uani hadi yawe mekundu kabisa, ndipo yanapandishwa juu. Dirisha likafungwa, nafasi zikazibwa na gunia joto lisitoroke.

Wakuu, msitutukane bado. Hakuna mtoto wa Eastlands asiyejua jiko linaua. Lakini kwa akili zetu kinachoua ni moshi, na makaa haya yalikuwa yameiva, hayana moshi. Tena wanaokufa huwa wamelala. Sisi tulikuwa macho, tunafanya mazoezi.

Class ya kwanza ya jiko, kichwa kiliniuma hadi jioni. Nikamuuliza Coach.

"Ni sumu inatoka mwilini."

"Sumu gani?"

"Hizo chips za Gikomba, Baba Kioko."

Tukacheka. Class ya pili kichwa tena, na kichefuchefu. Tukasema kumbe sumu ilikuwa nyingi.

Class ya tatu miguu ilikuwa kama ya kuazima. Kitu ndani yangu kikasema toka. Nikafanya nilichofundishwa, nikapumua. Tena kwa kina, na mapafu yaliyofanyishwa mazoezi.

Rispa alikuwa mbele yangu kwenye ule mkao wa mtoto, magoti chini, paji la uso sakafuni. Coach akasema tuinuke. Rispa hakuinuka. Nikajiambia, huyu mama amefika mbali kiroho.

Mama Kioko alipanda kufuata ufunguo wa nyumba, nilikuwa nimeondoka nao. Akasukuma mlango, akasimama pale.

"Haki ya Mungu, hii ni nini? Jiko ndani na dirisha mmeziba?"

Akanigeukia mimi.

"Baba Kioko! Naongea na wewe!"

Nasikia nilimjibu hivi, mimi sikumbuki: "Pole pole mama, tuko kwa mkao."

"Mkao gani! Tokeni nje! Nyinyi ni watu ama ni mahindi ya kuchoma?"

Alitoa gunia dirishani, akamshika Rispa makwapani, akamburuta hadi korido huku akiita majirani. Nilitaka kusaidia, nikashindwa kusimama. Nilitoka kwa kutambaa. Coach alitoka ameshika ukuta, anatapika.

Rispa alikuwa anapumua, lakini kwa mbali, kama mtu anayefikiria kama aendelee ama aache. Jirani mwenye gari akatupeleka hospitali. Walimwekea oksijeni, na usiku ule hakuna aliyetuahidi kitu. Asubuhi akafungua macho, akauliza kama amechelewa kazini.

Pale tulielezwa kwamba kinachoua ni gesi ya carbon monoxide, isiyo na moshi wala harufu. Makaa mekundu ndiyo yanaitoa. Na mtu anayepumua kwa nguvu anaimeza zaidi kuliko aliyelala.

Nurse akauliza, "Nani alifunga dirisha?"

Kila mmoja akamwonyesha mwenzake. Watu wazima wote.

Coach alifunga class, akasema hafundishi tena. Mimi nikakaa nyumbani wiki kadhaa, na mgongo ukaanza kukaza tena, kidogo kidogo. Bale ikaja, nikalipa mtu abebe. Nikaona kibanda kinaanza kuniaga.

Nilipotaja kurudi, Mama Kioko hakupunguza hata shilingi ya masharti. Jiko lisipande ngazi. Dirisha wazi. Siku isiyo na jua, watu wanyooshe viungo na sweta zao. Na mtu akitaka kutoka, atoke bila kuomba ruhusa. Yeye mwenyewe alienda kwa Coach kumwambia, na Coach akakubali yote huku analia.

Kwa hivyo tulirudi jua liliporudi. Leo nabeba bale ndogo mwenyewe, kubwa tunabeba wawili. Nalala. Mteja akinitukana bei, bado napumua.

Nilichojifunza ni hiki: kuvumilia ni kitu kizuri, lakini kinafundisha mwili kunyamaza, na mwili ulionyamaza hauwezi kukuonya. Ukisikia toka, toka kwanza. Kama ilikuwa uvivu, utarudi. Na mkiwa na pressure ama moyo, muoneni daktari kabla ya joto la aina yoyote.

Rispa alirudi wa mwisho. Alitandika mkeka wake mlangoni, nusu ndani nusu korido. Katikati ya mkao, sisi wote tumesimama mguu mmoja tunatoka jasho, akainuka, akatoka nje. Tukamsikia anatembea korido. Kisha akarudi, akasimama mahali pake.

Coach akashtuka. "Rispa, umesikia nini?"

"Hakuna. Nilikuwa naona tu kama mtaniacha nitoke."

Wakuu, uwanja ni wenu. Wenye mgongo, waliojaribu yoga, wenye kunitukana, karibuni. Ila kama unasoma hii na kuna jiko ndani ya nyumba, litoe nje kwanza. Comment yako itangoja.