Jipu Lililonifanya Mwalimu

Ninaona haya kusimulia, lakini acha niseme. Nilinyoa kwapa kwa wembe butu wa rafiki yangu, jipu likanitoka. Nikaliminya kwa vidole vyenye udongo wa shamba, likavimba kama limau. Tangu hapo nikawa natembea mkono juu, kwa maana kuushusha sikuweza.

Siku moja sokoni Kindu, Mama Salima, muuza mchele, alipata barua ya mwanawe aliyekwenda Kibombo akiwa mgonjwa. Akauliza, "Nani anajua kusoma?" Watu wote wakautazama mkono wangu uliokuwa juu.

"Njo huyu, ndiye mwalimu!" akasema, akanipa kiti na sahani ya wali. Mimi hata alifu siijui, lakini wali ulinukia. Nilipomaliza kula nikaishika barua, nikakohoa.

"Mutoto iko muzima, mama. Anarudi kesho kutwa."

Akalia kwa furaha, akanikumbatia kwa nguvu. Jipu likapasuka. Nilipiga yowe, soko zima likageuka.

"Mwalimu, iko nini?"

"Mimi si mwalimu, mama! Niko na jipu! Kusoma sijui!"

Akafuta machozi polepole. "Kaa hapo hapo, mwalimu, maumivu inakusemesha ovyo. Nitakukanda na maji ya moto, kisha utaniambia mutoto wangu iko namna gani."