Jembe kwenye Kona ya Bendera

Siku hizi hata kupitisha uzi kwenye tundu la sindano naomba msaada. Kwa hiyo jirani yangu mzee aliponiomba nimshonee bendera, sikufurahi.

Alikuwa mtu wa Brazzaville, ng'ambo ya mto, ila miaka mingi ya kufanya kazi bandarini na Wakongo wa upande wetu ilimpa Kiswahili. Tulikaa ghorofa moja hapa Point, mtaa wa ugenini karibu na bandari. Ini lake lilikuwa limeharibika, na daktari hakumficha. Alitaka jeneza lake lifunikwe bendera ya ujana wake, ile nyekundu ya wakati nchi yao ilipojiita jamhuri ya watu, kabla hawajairudia ile ya kwanza ya kijani, njano na nyekundu.

Mimi ndiye ninayeshona vitambaa vya altare parokiani kwetu. Nilimwambia kwamba watu wa bendera ile walifundisha shuleni kuwa hakuna Mungu.

"Kweli walitufundisha, Mama," akasema. "Na mimi nakusumbua kila siku uje tusali. Sasa nani alishinda?"

Nikanunua kitambaa chekundu, nikashona siku nne, nikipumzika kila mara. Sikuomba picha, kwa kuwa nilidhani naijua. Kwenye kona ya juu nikaweka nyundo na mundu.

Nilipomtandikia kitandani aliitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, nikalazimika kumwinua.

"Mundu wa nini, Mama? Umenifanya Mrusi. Kwetu nani alilima muhogo kwa mundu?"

Lilikuwa jembe, akanieleza. Nyundo ya fundi na jembe la mkulima, vimepishana. Matawi mawili ya mchikichi yamevizunguka, na nyota ya njano juu. Wakubwa walisema wekundu ni mapambano. Kwake ulikuwa jua la uwanjani, wanafunzi wamesimama tangu asubuhi wakimngoja kiongozi aliyechelewa. Lakini jembe lilikuwa la mama yake. Nchi nzima ilipandisha jembe la mama yake mlingotini, alisema, kisha ikalishusha.

Nikafumua mundu. Kufumua kunachosha kuliko kushona. Jembe nililikata kwenye masalio ya kitambaa cha altare, na matawi niliyashona nikiangalia yale ya Jumapili ya Matawi yaliyokaukia nyuma ya msalaba wangu. Aliiona Alhamisi. Akapitisha kidole kwenye mpini, akasema umepinda kidogo, kama wa mama. Jumapili akafariki.

Mlangoni mwa kanisa padri aliiondoa bendera jenezani, kama ilivyo desturi yetu, akatandika juu ya jeneza kitambaa cheupe cha kukumbuka ubatizo. Hicho nacho nilikishona mimi. Nikaikunja bendera, nikaipakata misa nzima, jembe likiwa juu, nikimshukuru Mungu kwamba aliiona. Makaburini niliirudisha juu ya jeneza kwa mikono yangu. Hakuna aliyenizuia. Nadhani waliona nilivyochoka.